Kijana Aliyeuliza Kenya Inakwenda Wapi

Novemba 1968, Kenya ikikaribia kutimiza miaka mitano ya uhuru, waraka mmoja ulianza kupita mkono kwa mkono mjini Mombasa. Uliandikwa kwa Kiswahili na kusambazwa kwa siri, na kichwa chake kilikuwa swali: Kenya: Twendapi? Aliyeuandika alikuwa kijana wa miaka 22, mfanyakazi wa baraza la mji, jina lake Abdilatif Abdalla. Mwaka haukuisha ila alikuwa ameshakamatwa. Machi 1969 alitiwa hatiani kwa kosa la uchochezi na kuhukumiwa kifungo cha miezi 18. Serikali ikaona adhabu hiyo haitoshi, ikakata rufaa, na kifungo kikapandishwa hadi miaka mitatu.

Abdilatif hakukamatwa na silaha wala hakutumwa na nchi ya kigeni. Alikuwa mwanachama wa chama cha upinzani kilichosajiliwa kihalali, Kenya People's Union (KPU), na alikuwa ameuliza swali ambalo wengi walikuwa wakiliuliza vibarazani kwa sauti ya chini. Watu hudhani kwamba anayepingana na wakuu wa nchi ameikana nchi yenyewe. Kisa chake kinaonyesha mpinzani wa namna nyingine, yule anayegombana na viongozi kwa sababu bado anaamini yale waliyoyatangaza majukwaani, na anataka kujua ni lini waliyaacha.

Ahadi na mashamba

Chama cha KANU kiliingia katika uchaguzi wa Mei 1963 na ilani iliyoahidi, pamoja na mengine, miaka saba ya elimu ya bure. Bendera ya mkoloni ikateremshwa Disemba 12 mwaka huohuo. Miaka ikapita, na wazazi wakawa bado wanatafuta karo.

Donda kubwa zaidi lilikuwa ardhi. Watu wengi walioingia msituni wakati wa Mau Mau, au waliowekwa kambini na Waingereza, walitegemea kwamba mashamba ya walowezi yangerudi kwa wananchi. Badala yake mashamba hayo yalinunuliwa, kwa sehemu kubwa kwa mikopo kutoka Uingereza, na maskini aliyepewa kipande alitakiwa kukilipia kidogo kidogo. Wakati huohuo, waliokuwa karibu na serikali walikuwa wakijinunulia mashamba makubwa.

Bildad Kaggia hakukubali. Huyu hakuwa mtu wa pembeni. Alikuwa mmoja wa wale sita waliohukumiwa pamoja na Jomo Kenyatta kule Kapenguria mwaka 1953, na baada ya uhuru alikuwa mbunge wa Kandara. Alishikilia kwamba wasio na ardhi wapewe ardhi bila malipo, na msimamo huo ukamgharimu wadhifa wake serikalini. Mwaka 1965 Kenyatta, sasa akiwa rais, alimkemea mbele ya umati, akimuuliza amejifanyia nini yeye mwenyewe tangu watoke kifungoni, ilhali wenzake walishajipatia nyumba na mashamba.

Ugomvi wote wa miaka ile umo ndani ya swali hilo. Kwa Kenyatta, mtu aliyepigania uhuru akabaki maskini alikuwa mvivu. Kaggia naye aliona kwamba kiongozi aliyejitajirisha huku wapiganaji wenzake hawana pa kulima amewaacha njiani. Walikuwa wamevaa pingu pamoja jangwani, na sasa walikuwa wanabishana uhuru ni kitu gani.

Upinzani wafungiwa mlango

Machi 1966, katika mkutano wa KANU mjini Limuru, wadhifa wa makamu wa rais wa chama aliokuwa nao Jaramogi Oginga Odinga uligawanywa vipande vipande, kila mkoa ukapewa makamu wake. Mwezi uliofuata Odinga alijiuzulu umakamu wa rais wa nchi, akaenda kuongoza KPU, na Kaggia akawa naibu wake. Bunge likabadilisha katiba haraka ili wabunge waliohama chama warudi kwa wapiga kura. Katika uchaguzi mdogo wa Juni 1966 KPU ilipata viti tisa tu kati ya 29. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya usalama wa umma iliyoiruhusu serikali kumweka mtu kizuizini bila kumpeleka mahakamani.

Kisha ukaja uchaguzi wa mabaraza ya wilaya na miji wa mwaka 1968. Maofisa wa uchaguzi walizikataa fomu za karibu wagombea wote wa KPU kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa. Fomu za KANU zikapita, na wagombea wake wakatangazwa washindi bila kupigiwa hata kura moja.

Miezi michache baadaye ndipo ulipotoka waraka wa Abdilatif. Uliwaambia wananchi kwamba serikali waliyoiweka wenyewe ilikuwa inageuka kuwa ya kidikteta, inawakandamiza walioichagua na kuwanyima njia halali ya kuibadilisha. Kwa aliyeshuhudia sanduku la kura likifungwa mwaka uleule, hayo hayakuwa maneno ya kubuni.

Hatari ya waraka huo kwa serikali iliongezwa na lugha yake. Bunge la Kenya wakati ule liliendesha shughuli zake kwa Kiingereza, na Kiswahili hakikuruhusiwa humo hadi mwaka 1974. Mbunge aliweza kuilaumu serikali kwa saa nzima na mchukuzi wa mizigo pale bandari ya Kilindini asiambulie kitu. Waraka wa Kiswahili, tena ulioandikwa na mtoto wa Mombasa aliyelelewa na washairi, ulisomwa na aliyejua kusoma akawasomea wenzake. Mjadala wa nchi ukatoka kwenye jumba la Nairobi ukaingia barazani.

Hoja ya waliokuwa madarakani

Ni haki kuitazama nchi kwa macho ya wakuu wake pia. Kenya ilikuwa changa. Januari 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru, wanajeshi waliasi Tanganyika, Uganda na Kenya, na serikali zote tatu zikalazimika kuomba msaada wa jeshi la Uingereza. Kaskazini Mashariki kulikuwa na vita vya kujitenga, vilivyoitwa vya Shifta, vilivyodumu hadi mwaka 1967. Mwaka 1966 serikali za Nigeria na Ghana zilipinduliwa na majeshi yao. Mataifa makubwa ya Mashariki na Magharibi yalikuwa yakimwaga fedha na kutafuta vibaraka kila kona ya Afrika. Katika hali hiyo, viongozi walisema, mtu anayeigombanisha serikali na wananchi anacheza na moto karibu na nyumba ya makuti.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Ila matokeo ya dawa waliyoichagua yanajulikana. Julai 1969 Tom Mboya, waziri na katibu mkuu wa KANU, aliuawa kwa risasi katikati ya Nairobi. Oktoba mwaka huo, ziara ya Kenyatta mjini Kisumu kufungua hospitali iligeuka kuwa vurugu, walinzi wakafyatua risasi na raia wakafa. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini. Nchi ikabaki na chama kimoja. Umoja uliotarajiwa haukupatikana. Mwaka 1975 mbunge J. M. Kariuki, aliyelaumu waziwazi tofauti kati ya matajiri na maskini, aliuawa. Agosti 1982 wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali. Wenye mdomo walikuwa wamenyamazishwa, na manung'uniko yao yakabaki palepale.

Karatasi za chooni

Abdilatif alitumikia kifungo chake Kamiti, karibu na Nairobi, na Shimo la Tewa huko Pwani. Sehemu kubwa ya muda huo aliwekwa peke yake chumbani. Hakuruhusiwa kuandika. Aliandika hata hivyo, kwenye karatasi za chooni, na mashairi yakatolewa nje kwa siri kwa msaada wa askari jela aliyemwonea imani.

Hapa nasaba ilimfaa. Alizaliwa Mombasa mwaka 1946, akalelewa kwa miaka kadhaa na babu yake, Ahmad Basheikh bin Hussein, ambaye naye alikuwa mshairi. Ahmad Nassir, aliyesifika kwa jina la Malenga wa Mvita, ni ndugu yake. Kaka yake mwingine, Sheikh Abdilahi Nassir, alikuwa mwanasiasa wa Pwani kabla ya uhuru na baadaye mwanachuoni mashuhuri wa dini. Katika jamii hiyo mtu hujifunza vina na mizani kama anavyojifunza salamu. Shairi la mishororo minne, kila mshororo vipande viwili vya mizani nane nane, limeumbwa kukaa kichwani. Askari akinyang'anya karatasi, mwenye shairi bado analo.

Tena washairi wa Mombasa walikuwa wamewazoea watawala kitambo. Karne moja na zaidi kabla yake, Muyaka bin Haji aliwatetea watawala wa Mombasa, Mazrui, na kuwajibu kwa mashairi makali watu wa Seyyid Said wa Oman na Unguja. Fumbo lilikuwa silaha ya kila siku: unamsema mkubwa mbele yake, na anayetakiwa kuelewa anaelewa.

Diwani iliyotokana na kifungo, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1973. Ndani yake kuna shairi la mamba anayejiona bwana wa mto, na msomaji hahitaji kuambiwa mamba ni nani. Kuna majibizano marefu ya ndugu wawili juu ya mnazi walioachiwa urithi. Mmoja yuko juu anaangua na kula, mwingine yuko chini, anadai haki yake na anadharauliwa. Kwa msomaji wa Pwani anayejua mnazi una thamani gani kwa familia, ugomvi huo ulieleza mali ya nchi na wanaoifaidi kwa uwazi kuliko hotuba yoyote. Kuna pia shairi ambamo mfungwa anatangaza kwamba alilolishika tangu mwanzo ndilo hilohilo analolishika sasa, na kifungo hakikumbandua.

Si mashairi yote ni ya siasa. Mengine ni ya upweke, ya watu wa nyumbani, ya kumwomba Mungu. Hata hivyo diwani nzima inasimama juu ya jambo moja: mwandishi anazungumza kama mtu wa nyumba hii. Haitukani Kenya. Anaililia na kuigombeza, na anakataa kukubali kwamba wachache waliokamata usukani ndio wenye gari.

Tuzo yenye jina la rais

Abdilatif alifunguliwa Machi 1972, akavuka mpaka kwenda Dar es Salaam. Alipata kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu, akawa miongoni mwa walioshughulikia Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981. Huko pia alitafsiri riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana kwa jina la Wema Hawajazaliwa, hadithi ya mtu mwadilifu katika nchi huru iliyooza kwa rushwa. Uchaguzi wa kitabu hicho ulionyesha kwamba alishaona ugonjwa wa Kenya si wa Kenya peke yake.

Mwaka 1974 Sauti ya Dhiki ilipewa tuzo kubwa ya fasihi nchini Kenya. Tuzo hiyo inaitwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Kitabu kilichoandikwa katika jela ya serikali ya Kenyatta kikashinda zawadi yenye jina la Kenyatta, na Kenyatta mwenyewe akiwa bado Ikulu. Waliotoa uamuzi huo wanastahili heshima yao. Walisoma Kiswahili kilichokuwa mbele yao, wakakipa haki yake bila kujali mwandishi alitokea wapi.

Tanzania iliyompokea nayo haikuwa mbali na mkasa wa aina hiyo. Tangu mwaka 1962 ilikuwa na sheria iliyomruhusu rais kumweka mtu kizuizini bila kesi, na wapo Watanzania walioishi kifungoni au uhamishoni katika miaka ileile ambayo Dar es Salaam ilikuwa kimbilio la wapigania uhuru wa nusu ya Afrika. Nchi inaweza kumfungulia mlango mtu wa jirani na kumfungia wake mwenyewe.

Kutoka Dar es Salaam Abdilatif alikwenda London mwaka 1979 kufanya kazi Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Baadaye alikuwa mhariri wa jarida la Africa Events, kisha akafundisha Kiswahili kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Katika miaka ya 1980, serikali ya Daniel arap Moi ilipowakamata wahadhiri na wanafunzi, Abdilatif na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o walikuwa miongoni mwa walioendesha huko London kamati ya kudai wafungwa wa kisiasa wa Kenya wafunguliwe. Ngũgĩ naye alikuwa ameonja Kamiti. Aliwekwa humo bila kesi kwa takriban mwaka mzima, hadi Disemba 1978, na riwaya yake ya Kigikuyu aliyoiandika humo ilianzia, kama diwani ya mwenzake, kwenye karatasi za chooni.

Sheria iliyorithiwa

Kosa la uchochezi lililomfunga Abdilatif halikubuniwa na Kenya huru. Lilitoka katika sheria za jinai za Waingereza, zilizotungwa ili mtu wa makoloni asiweze kumfanya mwenzake aichukie serikali. Ndizo sheria zilizowabana Waafrika na Wahindi waliodai uhuru, na Kenyatta mwenyewe alijua uchungu wa mahakama ya mkoloni. Serikali mpya ilibadilisha bendera, wimbo na majina ya mitaa, lakini kifungu hiki ikakiacha, kwa sababu kilimfaa kila aliyekalia kiti. Katika miaka ya 1980 kilitumika hata dhidi ya watu waliokutwa tu na karatasi zilizosemekana kuwa za kichochezi.

Kenya ilikifuta mwaka 1997, katika mabadiliko yaliyopatikana baada ya maandamano na mazungumzo ya vyama. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikitangaza kifungu kama hicho kuwa kinyume cha katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha iliamua kwamba vipengele kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016, vikiwamo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tofauti wanayoitafuta majaji katika kesi za namna hii si ngumu kwa mtu wa kawaida kuielewa: kumhimiza mtu akampige jirani yake ni jambo moja, na kusema kwamba serikali imekosea, hata kwa maneno makali, ni jambo jingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeliandika hilo katika kifungu cha 33. Uhuru wa kujieleza unalindwa, na kinachokatazwa ni kuchochea ghasia, kueneza propaganda ya vita na matamshi ya chuki.

Juni 2024 kifungu hicho na kile cha 37, kinachoruhusu raia kukutana na kuandamana kwa amani, vilipata mtihani mkubwa. Maelfu ya vijana waliingia barabarani katika miji mingi ya Kenya kupinga Mswada wa Fedha uliokuwa na kodi mpya. Wengi wao walikuwa na umri uleule aliokuwa nao Abdilatif mwaka 1968, na walikuja wakiwa wameisoma katiba na kuitaja kwa namba za vifungu. Rais William Ruto aliurudisha mswada bungeni bila kuutia saini. Kabla ya hapo na baada yake, makumi ya watu waliuawa, na katika miezi iliyofuata wakosoaji kadhaa wa serikali walichukuliwa na watu wasiojitambulisha, baadhi yao kwa sababu ya picha na maneno waliyoyaweka mitandaoni.

Hakuna mahakama iliyotoa hati ya kuwachukua vijana hao kwa namna ile, na hakuna sheria ya Kenya ya leo inayoruhusu jambo hilo. Mwaka 1969 Abdilatif alijua alishitakiwa kwa kosa gani, nani alimhukumu na kwa muda gani. Vijana waliotekwa mwaka 2024 hawakupewa hata hayo. Wanaodai maelezo leo, wawe wazazi, mawakili au wabunge, hawaombi fadhila. Wanataka polisi waeleze nani alitoa amri, na waliofyatua risasi na waliowateka wenzao wasimame kizimbani kama raia mwingine yeyote.